Matema: maeneo ya kuona, historia yake, na mwenyeji amwambie nini mgeni

Mgeni akishuka kwenye basi Matema, kwanza huona ziwa, kisha hugeuka akaona milima, na baada ya hapo huanza kuuliza. Milima hii inaitwaje? Nani aliipa jina hilo? Vyungu hivi vinatoka wapi? Maji haya ni salama kuoga? Mara nyingi anayeulizwa ni kijana wa bodaboda, mama anayeuza mchele au mvuvi anayekausha dagaa. Asipojua, atabuni jibu, na mgeni ataondoka nalo hivyo hivyo.

Makala hii ni kwa ajili yako, msikilizaji wa Kyela, Rungwe, Busokelo na mwambao wote wa Ziwa Nyasa, na pia kwa Mtanzania wa mbali anayepanga kututembelea. Tutapita mahali kwa mahali, tueleze kilichopo na historia yake. Mwishoni tutagusa jambo linalowahusu wenyeji moja kwa moja: wageni wakiongezeka, nani atafaidika?

Ziwa na milima: vilitokeaje?

Matema ipo kwenye kona ya kaskazini-mashariki ya Ziwa Nyasa. Ziwa hili lina urefu wa karibu kilomita 580, na kina chake katika sehemu ya ndani kabisa kinafikia takribani mita 700. Lipo ndani ya Bonde la Ufa. Kwa miaka mamilioni ardhi ilipasuka, upande mmoja ukashuka na mwingine ukabaki juu. Upande uliobaki juu ndio safu unayoiona mashariki, Milima ya Livingstone, na upande ulioshuka ndio uliojaa maji.

Ndiyo maana Matema ina sura mbili. Upande wa magharibi ni tambarare ya Kyela yenye mpunga, kakao, michikichi na migomba. Tambarare hiyo imejengwa na udongo ulioletwa na mito ya Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo kutoka nyanda za juu, ukiwemo udongo wa majivu ya volkano ya Rungwe. Upande wa mashariki milima inaingia ziwani ghafla, na mahali pengine hakuna hata nafasi ya kupitisha barabara. Asubuhi jua huchelewa kuonekana Matema kwa sababu linapaswa kwanza kuvuka milima hiyo. Jioni mambo hugeuka: mwanga wa mwisho huipiga milima ikawa ya rangi ya shaba, na hiyo ndiyo saa nzuri ya kukaa ufukweni.

Ziwa hili lina mamia ya aina za samaki, na wengi wao hawapatikani ziwa jingine lolote duniani. Wale wadogo wa rangi ya bluu na njano wanaoonekana kati ya mawe upande wa Ikombe ni wa kundi hilo. Mgeni mwelekeze pia kwa mbasa, samaki ambaye mvua zikija hupanda mitoni kwenda kutaga. Akiona kitu kama moshi umesimama katikati ya ziwa, mweleze kwamba hapajaungua kitu. Ni mawingu ya wadudu wadogo wanaotoka majini kwa wingi. Kuzunguka ziwa hili watu wamewakamata na kuwala kwa miaka mingi, na Livingstone mwenyewe aliandika habari za chakula hicho.

Livingstone hakufika hapa

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Utasikia mgeni akiambiwa kwamba David Livingstone alisimama juu ya milima hii akalitazama ziwa. Si kweli. Livingstone alilifikia Ziwa Nyasa Septemba 1859, lakini kwa upande wa kusini. Aliporudi mwaka 1861 alipita kando ya pwani ya magharibi, na hakufika mwisho wa kaskazini. Alifariki mwaka 1873, katika nchi ambayo leo ni Zambia.

Jina la milima lilikuja baada ya kifo chake. Mwaka 1875 msafara wa wamisionari wa Uskochi ulileta boti ya mvuke iliyoitwa Ilala. Ilibebwa vipande vipande vichwani mwa wapagazi kupita maporomoko ya mto Shire, kisha ikaunganishwa upya. Hiyo ndiyo boti ya kwanza ya mvuke kuelea katika Ziwa Nyasa. Kiongozi wa msafara, E. D. Young, alilizunguka ziwa mwaka huo huo, akaiona safu hii upande wa kaskazini na kuipa jina la Livingstone kwa kumkumbuka.

Kwa hiyo jibu sahihi kwa mgeni ni fupi: milima inaitwa kwa jina la mtu ambaye hakuiona. Waliokuwa wakiijua ni Wakinga walioishi juu, Wakisi walioishi chini kando ya maji, na Wanyakyusa wa tambarare, na watu hawa walikuwa wakibadilishana bidhaa muda mrefu kabla ya boti ile kutokea.

Ikombe na vyungu vya Wakisi

Ukiacha ziwa, kitu kinachoifanya Matema ijulikane zaidi ni vyungu. Vinatengenezwa na Wakisi, hasa wanawake, katika vijiji vya mwambao chini ya milima. Kijiji kinachofikika kwa urahisi ni Ikombe, kwa mtumbwi kutoka Matema au kwa njia ya miguu kando ya mlima.

Ardhi ya kulima ni ndogo huko, kwa kuwa mlima umebana. Udongo wa mfinyanzi ndio uliokuwa shamba lao. Mwanamke huutwanga udongo, huukanda, hulifinyanga umbo kwa mkono, hulikwangua hadi liwe jembamba, kisha hulipamba kwa rangi nyekundu na nyeupe zitokanazo na udongo wenyewe. Vyungu vikishakauka huchomwa mahali pa wazi kwa kuni na nyasi. Hapo ndipo hasara hutokea: upepo ukigeuka au chungu kikiwa na unyevu, kinapasuka, na kazi ya siku kadhaa inapotea.

Siku ya kuona haya yote kwa pamoja ni Jumamosi, siku ya soko la Lyulilo, mwendo mfupi wa miguu kutoka Matema. Mitumbwi hufika asubuhi ikiwa imepangwa vyungu hadi juu. Wachuuzi huvinunua, huvifunga kwa nyasi visigongane, na kuvipeleka Kyela, Tukuyu, Mbeya na kwingineko. Mgeni anayefika Jumapili atakuta mchanga mtupu. Mwambie mapema apange safari yake.

Jambo moja la kumkumbusha mgeni: anayefinyanga yuko kazini. Asipige picha kabla ya kuomba ruhusa. Akipiga picha kumi na kuondoka bila kununua hata chungu kidogo, amechukua muda wa mtu bure.

Mahali patakatifu

Katika mwambao huu kuna sehemu ambazo wazee walizitumia kwa ibada. Inayotajwa zaidi ni Palikyala, kando ya ziwa upande wa milima, mahali panapohusishwa na Kyala. Katika masimulizi ya kale Kyala alikuwa shujaa aliyeleta uwezo na neema. Wamisionari walipotafuta neno la Mungu kwa Kinyakyusa walichukua jina hilo hilo, na leo ndilo linalotumika makanisani. Katika miaka ya 1930 watafiti wawili, Godfrey na Monica Wilson, waliishi miongoni mwa Wanyakyusa, na maandishi yao kuhusu mila hizi bado yanasomwa vyuoni duniani.

Sehemu kama hizi hazifai kugeuzwa mahali pa kupigia kelele au kuandika majina kwenye mawe. Haijalishi wewe ni wa dini gani. Mgeni akitaka kufika, aanzie kwa mwenyekiti wa kijiji, naye atamwelekeza kwa wazee. Wazee wakisema hapana, jibu ni hapana.

Na adabu huanza na salamu. Mfundishe mgeni aseme "ugonile" kwa rika lake na "mugonile" kwa mkubwa wake, na ashukuru kwa "ndaga". Maneno hayo matatu yatamfungulia milango mingi.

Alama za wakati wa Wajerumani

Julai 1, 1890, Uingereza na Ujerumani zilitia saini mkataba wa kugawana maeneo ya Afrika Mashariki bila kumuuliza mwenyeji yeyote. Mto Songwe ukawa mpaka, na hadi leo ndio unaotutenganisha na Malawi. Mjadala wa mpaka ndani ya ziwa kati ya nchi hizi mbili umetokana na maneno ya mkataba huo huo.

Mwaka 1891 wamisionari wa Kijerumani walifika huku kwa njia ya ziwa, wakitokea kusini. Wamoraviani walijikita Rungwe. Waluteri wa Berlin walielekea upande wa mashariki, na Ikombe na Matema zikawa miongoni mwa vituo vyao. Kanisa na hospitali ya Kilutheri iliyopo Matema leo ni matunda ya historia hiyo.

Mwaka 1893 ziwa lilipata meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, nayo ilibebwa vipande vipande kutoka pwani. Katika ufuko huu wa kaskazini-mashariki, chini ya milima, serikali ya kikoloni ilijenga kituo chake na kukiita Langenburg. Mwanzoni mwa karne ya 20 makao yalihamishiwa Tukuyu, mji ambao Wajerumani waliuita Neu-Langenburg, yaani Langenburg Mpya.

Meli ile iliingia katika historia ya dunia. Agosti 13, 1914, siku chache baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia kuanza Ulaya, meli ya Waingereza iliyoitwa Gwendolen iliifuata bandarini Liuli, mkoa wa Ruvuma wa leo, ikaishambulia kwa mzinga. Wissmann ilikuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo, na nahodha wake hakuwa amepata habari kwamba vita vimeanza. Nahodha wa Kiingereza na yule wa Kijerumani walikuwa wakifahamiana vizuri kabla ya siku hiyo. Mwezi Septemba mwaka huo mapigano yalitokea Karonga, ng'ambo ya Songwe, na Mei 1916 Waingereza walivuka mpaka na kuichukua Tukuyu. Katika vita hivyo waliobeba risasi, unga na maiti walikuwa wapagazi wa Kiafrika, na majina yao wengi hayakuandikwa popote.

Ziwa Masoko, njiani kwenda Tukuyu

Anayetoka Matema kupitia Ipinda kuelekea Tukuyu asipite bila kusimama Masoko, ziwa ambalo pia huitwa Kisiba. Ni la mviringo, limezungukwa na miti, na lilitokana na mlipuko wa volkano. Kando yake kuna jengo la mawe la Wajerumani, walikokuwa na kambi ya askari.

Watu husimulia kwamba Wajerumani walipokimbia walitupa sarafu na dhahabu ndani ya ziwa. Mweleze mgeni kama simulizi, usimwambie kwamba ni jambo lililothibitishwa. Hazina iliyothibitishwa ipo, ila ni ya aina nyingine. Wanasayansi walichimbua tope la chini ya ziwa hilo wakakuta limejikusanya tabaka juu ya tabaka kwa zaidi ya miaka 40,000. Kwa kusoma chavua na majivu yaliyomo, wanaweza kujua lini nchi hii ilikuwa na mvua nyingi na lini ilikauka.

Mgeni mwenye siku zaidi apande Rungwe aone Daraja la Mungu, daraja la mwamba wa volkano lililo juu ya mto Kiwira. Mwenye miguu ya kutosha anaweza pia kuteremka kutoka nyanda za Makete hadi Matema kwa njia za miguu za Wakinga. Huko juu ipo Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, iliyotangazwa mwaka 2005 na kusifika kwa maua yake msimu wa mvua. Safari hiyo ya miguu isifanywe bila mwenyeji anayeijua njia.

Usalama: yasiyopaswa kufichwa

Anayetaka wageni warudi huwaambia ukweli.

*Mamba na viboko.* Mdomo wa mto Lufilyo, magharibi mwa ufuko, una mamba na viboko. Usiogelee karibu na midomo ya mito, hasa jioni na maji yakiwa na tope. Waulize wavuvi wa siku hiyo wameona nini.

*Kichocho.* Ziwa Nyasa lina kichocho, hasa kwenye maji yaliyotulia yenye majani, ambako konokono huishi. Aliyeoga humo apime akirudi. Dawa ipo. Na ugonjwa huu unawaumiza zaidi watoto wetu kuliko mgeni wa siku mbili.

*Malaria.* Kyela ni tambarare ya joto na maji. Chandarua ni lazima.

*Upepo.* Kati ya Mei na Agosti upepo wa kusini, unaojulikana kuzunguka ziwa hili kama mwera, huinua mawimbi makubwa kwa muda mfupi. Usikubali mtumbwi uliojaa kupita kiasi, na usione aibu kuahirisha safari ya Ikombe. Jaketi la kuokolea maisha lina thamani kuliko nauli.

*Mvua.* Machi hadi Mei Kyela hupata mvua nyingi sana na mafuriko si ajabu. Juni hadi Oktoba ni kipindi chepesi kwa safari za nchi kavu.

Kuhusu usafiri: kutoka Mbeya, mabasi hushuka Tukuyu hadi Kyela kwa lami, na kutoka hapo kuna magari ya Ipinda na Matema. Kwa wanaosafiri ziwani, meli ya abiria ni MV Mbeya II. Ratiba ya meli hubadilika, kwa hiyo iulizie bandarini kabla ya kuondoka nyumbani.

Nani atafaidika?

Tukirudi kwenye swali letu, tutazame nchi ya mbali iliyokwisha kupita njia hii. Japani ina vijiji vingi vya milimani ambavyo vijana walivikimbia kwenda mijini. Kimojawapo ni Ogimachi, katika bonde la Shirakawa, chenye nyumba kubwa za mbao zenye paa refu la nyasi. Mwaka 1971, wageni walipoanza kuongezeka na majumba ya zamani kutoweka, wakazi walikaa wakakubaliana mambo matatu kuhusu nyumba, mashamba na misitu yao: tusiuze, tusikodishe, tusibomoe. Paa linapochakaa, kijiji kizima hukutana kuliezeka kwa zamu, leo kwako, kesho kwangu, kama ujima wetu. Mwaka 1995 kijiji hicho kiliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Wajapani walifanya jambo jingine. Tangu mwaka 1993 wamejenga vituo kando ya barabara za vijijini. Msafiri anasimama, anakuta choo safi, maegesho, habari za eneo, na soko ambalo mkulima wa hapo anauza mazao yake. Vituo hivyo sasa ni zaidi ya 1,000.

Hatuhitaji kuiga kila kitu. Lakini fikiria eneo kama hilo kwenye njia ya Ipinda hadi Matema: choo safi, mchele wa Kyela uliopimwa kwa haki, kakao, ndizi, na rafu ya vyungu vya Ikombe vyenye bei iliyoandikwa, kila siku na si Jumamosi tu. Hilo linaweza kuanzishwa na kikundi cha akina mama au chama cha ushirika.

Jambo la ardhi ni zito zaidi. Kiwanja cha ufukweni kikiuzwa mara moja, pesa huisha na ufuko haurudi. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, halmashauri ya kijiji haiwezi kugawa ardhi ya kijiji bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji, yaani wewe na mimi tuliotimiza miaka 18. Na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu au zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto. Mtu akija na mkoba wa fedha usiku, mwambie asubiri mkutano wa mchana. Zingatia pia njia ya wavuvi na ya wachota maji: mwekezaji akijenga uzio, je, njia hiyo itabaki?

Kijana anayetaka kuongoza wageni naye asianze kwa kuvizia stendi. Biashara ya kuongoza watalii inahitaji leseni, kwa hiyo apite ofisi ya kijiji na halmashauri aelekezwe. Bei ya mtumbwi na ya kuongozwa iandikwe na ijulikane. Mgeni akilipa bei tofauti na ya jirani yake, wote wawili hawatarudi.

Mwisho, mkalishe mzee wako jioni moja umuulize alichokiona mwenyewe: meli za zamani, mafuriko, soko la Lyulilo lilivyokuwa, mama yake alifinyangaje. Rekodi kwa simu yako. Milima hii ilipata jina kutoka kwa mtu aliyepita na boti. Habari nyingine za Matema zinaweza kutoka kwa wanaoishi hapa.